Zinki Katika Damu ya Chishimba

Bon, kaeni. Ninyi vijana wa labo munapenda kusimama na simu mukononi sawa watu wanaongoja basi ya Mansa. Kaeni, na mutoe kwanza hizo glavu zenye unga. Ndiyo, naziona. Nimestaafu mimi, macho yangu hayajastaafu.

Mumeniomba niwaambie juu ya kazi ya kupima madini katika damu ya watu walioumwa na nyoka, na naona wengine wanacheka chini chini: huyu tantine, shangazi yetu, anasema madini, anafikiri yuko Kolwezi kwenye migodi. Chekeni tu. Damu ya kila mutu inabeba zinki, shaba, chuma na ndugu zao, lakini kidogo kabisa, kidogo kuliko chumvi ya muvivu katika mboga. Sumu ya nyoka ikiingia mwilini, hayo madini yanahama. Zinki inatoka katika damu na kukimbilia kwenye ini. Shaba inapanda. Na kama sumu imepasua chembe za damu, chuma kinamwagika ovyo. Wasomi wa chuo kimoja cha mbali walitaka kujua yanahama namna gani kwa watu wetu wa kando ya ziwa, njo wakatuletea mashine.

Mashine yenyewe munaijua, ingawa yenu ya leo inafanya kila kitu na ninyi munaiangalia tu mukikula karanga. Ile yetu ilikuwa na moto wazi. Unapunguza damu kwa maji safi, mashine inaipuliza ndani ya moto, mwanga wa taa unapita katikati, na kadiri mwanga unavyopungua njo unajua madini ni kiasi gani. Gesi ya ule moto ni ileile ya watu wa kuchomea vyuma. Kwa hiyo tulinunua kwa soudeur wa Kashikishi, na mara nyingine aliikopa chupa yetu bila kuuliza, kwa sababu injini ya mutumbwi wa shemeji yake imevunjika mukono. Tukifika asubuhi, moto unakuwa wa njano sawa kibatari. Jifunzeni hapa: chupa ya gesi musiingoje iishe. Ikikaribia mwisho inatoa uchafu wake, na namba zote zinakuwa za uongo.

Uongo mukubwa hautoki kwa gesi, lakini. Unatoka kwetu wenyewe. Zinki iko kila pahali, vijana wangu. Iko katika mabati ya juu ya kichwa chenu, katika vifuniko vya mpira, katika unga wa glavu. Unatafuta tone moja ndani ya damu na huku inakunyeshea kutoka kwenye paa. Kulikuwa na nesi mumoja, jina lake silisemi kwa sababu sasa ni mama mukubwa wa kanisa, kila mugonjwa aliyemutoa damu alikuwa na zinki ya ajabu. Tulifikiri wadi yake inakula vizuri. Kumbe dada alikuwa anapaka mikono yale mafuta meupe ya watoto wachanga, ya matako yaliyoungua na nepi, ili mikono yake iwe laini. Mafuta yale ni zinki tupu! Aliolewa vizuri, na kazi yetu ya mwezi muzima tukaimwaga.

Shefu wangu alikuwa ba Mulenga, Mubemba wa hapahapa Kashikishi, mwembamba, shati limechomekwa hata siku ya mazishi. Kiswahili alikijua, alikuwa anabishana bei ya samaki na Wakongomani tangu utoto wake. Lakini ndani ya labo alibaki na maneno mawili tu: "Osha tena." Umetia chupa ndani ya asidi, umesuuza kwa maji ya mashine, umeigeuza juu ya plastiki safi, unajisikia malaika. Anakuja, anaangalia, hagusi hata. "Osha tena." Mimi niliyevuka ziwa nikiwa mukimbizi, niliyezoea kuosha sufuria kwa mchanga, nilidhani huyu mutu ananichukia. Mama! Nilimusema kwa Kiluba chote nilicho nacho, na yeye anatingisha kichwa sawa ninamusifu.

Sasa niwaambie ya Chishimba, maana hapo njo kazi hii iliniingia moyoni.

Chishimba alikuwa kijana wa Kabuta, mvuvi, ameoa karibuni. Kule munajua wenyewe, samaki wakavu wanaita panya, panya wanaita nyoka. Aliinua wavu uliolala kando ya mutumbwi na kifutu alikuwa chini yake, yule nyoka munene anayelala sawa gogo na haondoki hata ukimupigia kelele. Akamuuma mukono wa kushoto. Wanaume walikuja na nyembe za kumuchanja na kamba ya kumufunga, lakini muke wake, Mwape, aliwasukuma wote. Akamufunga ubao mukono usitikisike, akamupakia kwenye kinga la kubebea samaki wa kuuza bara, akamuleta kwetu. Kinga ni baisikeli, kwa wale waliokulia Lusaka. Tukamupa dawa ya sumu ya nyoka mara moja. Mukono ulivimba mpaka bega, halafu ukaanza kushuka. Tukafurahi.

Katika friji ikabaki dawa ya mutu mumoja tu. Tulipiga simu Mansa, wakasema hata wao hawana, tungoje. Alors, tukangoja.

Hapo Chishimba akaanza kutapika. Uvimbe unashuka, yeye anatapika. Tumbo linamukata, jasho baridi, midomo mikavu. Kila siku. Dokta wetu alikuwa musichana wa Lusaka, mwerevu, mupole, anayekunja uso akifikiri. Akaja mpaka labo, akafunga mulango nyuma yake.

"Kama sumu bado inatembea ndani yake, inabidi nimupe ile dawa ya mwisho," akasema. "Na kama haitembei, nikimupa bure, mutu mwingine ataletwa hapa na nitamuangalia akifa. Damu inasema nini?"

Munaona alichotuwekea mukononi? Si namba za wasomi tena. Ni Chishimba upande huu, na mutu asiye na jina upande ule.

Tukapima. Shaba imepanda, sawa. Chuma, sawa. Zinki ilipaswa kuwa chini, kama kwa kila mutu aliyeumwa. Ilikuwa juu. Juu kuliko yangu mimi niliyeshiba.

"Osha tena," ba Mulenga akasema.

Nikaosha. Tukachukua damu mupya, chupa mupya, sindano mupya. Juu. Nikavua glavu, nikanawa mpaka ngozi ikanyauka, nikafunga dirisha lisiingize vumbi la bati. Juu zaidi! Ba Mulenga mwenyewe akaosha, mara ya kwanza kumuona akikunja mikono ya shati. Ikapanda sawa inatucheka.

Sasa sikilizeni, hapa musilale. Zinki inaweza kupanda katika maji ya damu kama chembe zimepasuka, na kifutu anaweza kuzipasua. Ingekuwa hivyo, basi ni sumu, na dawa itolewe. Lakini chembe zikipasuka, maji ya juu ya damu yanakuwa mekundu. Ya Chishimba yalikuwa ya njano, safi kabisa. Na damu yake tuliyoiacha katika chupa ya kioo iliganda vizuri, haikubaki maji. Damu inasema sumu imeisha, tumbo linasema inaanza. Dokta akakaa juu ya kiti changu, akashika kichwa.

"Nitangoja mpaka kesho," akasema. "Kesho akitapika tena, nampa."

Asubuhi nikaenda mwenyewe kumutoa damu, mapema, kabla hajakula, kwa sababu chakula kinasumbua zinki. Nikamukuta ameketi kitandani na kikombe kikubwa mudomoni, macho amefumba sawa mutoto anayekunywa kwinini.

"Chishimba! Nilikuambia usikule kitu mbele ya damu!"

"Tantine, haiko chakula. Ni munkoyo ya ba mafyala."

Ba mafyala, yaani mama mukwe wake. Mama ya Mwape, kila mutu alimwita bana Mwape, alikuwa ametoka Kabuta na binti yake na alilala kwenye kibanda cha wanaopikia wagonjwa. Kila jioni anapika uji wa mahindi, anatia mizizi ya munkoyo, anaacha uchachuke, asubuhi Mwape anauingiza wadini. Yeye mwenyewe haingii. Munajua bukwe, hata ninyi munaojifanya watu wa muji. Mukwe hamuangalii mama mukwe usoni, hasemi naye mudomo kwa mudomo, na chakula anachopikiwa hakirudi. Kikombe kinarudi kitupu, la sivyo umeitukana nyumba nzima.

"Na unatapika saa gani?" nikamuuliza.

Akaangalia ukuta. "Nyuma ya kuikunywa."

"Kila siku?"

"Kila siku, tantine."

"Na hukumwambia dokta!"

"Nitamwambia namna gani? Dokta atamwambia yeye. Batu batasema nilikatala chakula ya bukwe, batamurudisha Mwape kwabo." Akameza mate. "Afazali nitapike."

Nilitaka kumupiga kofi na kumukumbatia, yote mara moja. Mwape alikuwa amesimama kando na ndoo, machozi yanamutoka, kwa sababu na yeye alijua, na yeye hangeweza kumwambia mama yake. Nikamunyang'anya ile ndoo. Na kwa kuwa mimi napenda munkoyo kuliko inavyomufaa mutu wa umri wangu, nikajimiminia kikombe, eti napima. Mudomoni ilikuwa sawa kulamba betri ya redio. Niliweza kufika nyuma ya wadi ya uzazi tu. Ba Mulenga alikuwa anapita kwenda kazini, shati limechomekwa, akasimama akaniangalia nimeinama pale, natapika.

"Na wewe umeumwa?" akasema.

Niliporudi nikaangalia vizuri. Ndoo ilikuwa ya bati, mupya ya soko, nje inang'aa unaweza kujitazama. Ndani, mpaka pale munkoyo inapofikia, mung'aro umeisha, imebaki kijivu, imeparuzwa sawa ulimi umelamba. Nikaibeba mpaka labo.

"Ba Mulenga, tupime hii."

"Mashine hii ni ya damu. Haiko ya pombe."

"Munkoyo si pombe, shefu."

"Osha tena," akasema, kwa mazoea tu, halafu akanyoosha mukono. Akaichuja, akaipunguza kwa maji, akaipuliza motoni. Mashine ikakataa, imezidi. Akapunguza tena. Ikakataa. Akapunguza mpaka hata rangi yake haionekani, njo ikakubali kutoa namba. Ba Mulenga akaitazama, akavua miwani.

"Huyu kijana," akasema, "anakunywa paa la nyumba."

Munaelewa? Ndoo ile ni chuma kilichopakwa zinki isishike kutu. Ukitia maji haina neno. Ukitia kitu kinachochachuka, kikalala humo usiku kucha, ule ukali unaikula zinki na kuibeba. Kwa hiyo mashine haikudanganya na chupa zetu zilikuwa safi. Zinki ilikuwa kweli ndani ya Chishimba, na yeye aliimeza kwa heshima zote.

Dokta alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia kidogo, akageuka tusione. Akairudisha dawa ya mwisho ndani ya friji kwa mikono miwili.

"Sasa nani atamwambia yule mama?" akauliza.

Ba Mulenga akakumbuka ghafula kwamba taa ya mashine inataka kufutwa. Dokta akasema Kibemba chake ni cha Lusaka, kitamuletea haya. Wote wawili wakaniangalia. Kazi ya nyoka, ya chura, ya bukwe, siku zote ni ya tantine!

Bana Mwape alikuwa ameketi mbele ya kibanda, ameigeuzia wadi mugongo ili jicho lake lisikutane na la mukwe wake hata kwa bahati mbaya. Anasugua mizizi ya siku hiyo. Mwanamuke munene, sauti ya sokoni, ameuza samaki kwa watu wa Kilwa na Pweto miaka yote, Kiswahili chake kinakata sawa kisu. Nikaketi karibu naye. Nilianza kwa kusifu mizizi. Halafu hali ya hewa. Halafu nikasema yote.

Aliacha kusugua tu.

"Kwa hiyo nyoka ya pili njo mimi?" akasema.

Niliona huruma ambayo hata leo nikiikumbuka naguswa. Nikamwambia, si wewe, ni ndoo, wewe ungejuaje, hata sisi wenye mashine hatukujua.

"Ndoo zangu zote ni za plastiki, zinanuka chisense, hawa dagaa wetu," akasema. "Nikasema mukwe wangu ni mugonjwa, hatakunywa harufu ya samaki. Nikanunua ile ya kung'aa." Akaweka muzizi chini. "Na yeye alikuwa anamaliza?"

"Mpaka tone la mwisho."

"Na anatapika?"

"Kila siku."

Bega lake likaanza kutikisika. Nilifikiri analia. Mama alikuwa anacheka, mukono mudomoni, machozi yanashuka yenyewe. "Mayo! Binti yangu ameolewa na mujinga," akasema. "Ee, mujinga gani muzuri hivi!"

Chishimba alilala siku hiyo bila kutapika, na ya pili vilevile. Tulimupima, zinki ikashuka polepole mpaka mahali pake. Akatoka hospitalini na kitambaa mukononi, na ndoo ikabaki kwetu, tukaitumia kwa kudekia. Ba Mulenga hakuniruhusu kuiingiza labo hata siku moja.

Kama hadithi ingeisha hapo, ningewaacha muende kula. Lakini bana Mwape hakuwa mutu wa kuacha deni la heshima. Waliporudi Kabuta, alitaka mukwe wake anywe munkoyo ya kweli, ya chungu cha udongo, na mizizi ya sokoni akaiona imezeeka. Akaenda porini mwenyewe kuichimba. Na munajua nani analala chini ya majani makavu kule.

Tuliwaona wakiingia kwa geti mimi na dokta. Kinga la samaki, na juu ya kinga Chishimba anaendesha kwa mukono mumoja, ule wa kushoto bado una kitambaa. Nyuma yake, kwenye kiti cha kubebea mizigo, bana Mwape, muguu umefungwa ubao, kitenge amejifunika kichwa chote asione mugongo wa mukwe wake. Na yeye Chishimba shingo imekakamaa, macho mbele tu, sawa amebeba sanduku la askofu. Mwape hakuwako. Alikuwa amebaki mbali nyuma, anakuja mbio kwa miguu.

Dokta alikwenda moja kwa moja kwenye friji, na dawa ilikuwapo.

Tulipokuwa tunamushusha, mama anatetemeka kwa maumivu, muguu umevimba, lakini mudomo wake chini ya kitenge haukunyamaza. Nikainama kusikiliza.

"Mwape," alikuwa anasema, "mwambie mume wako asante. Mwape, mwambie mume wako anaendesha vibaya."

Chishimba akaniambia baadaye kwamba ilikuwa vile njia nzima kutoka Kabuta. Mwape, mwambie mume wako kuna shimo mbele. Mwape, mwambie mume wako mutelemuko huu apunguze mwendo. Na Mwape hayuko! Na yeye alikuwa anajibu: "Mwape, mwambie mama nimesikia."

Alipona, polepole. Nilimutoa damu mwenyewe, asubuhi, kabla hajakula, na ba Mulenga aliangalia chupa zangu na kusema munajua nini. Nikaosha. Zinki yake ilikuwa chini, shaba juu, sawa inavyopaswa kwa mutu aliyeumwa, damu ya kufundishia watoto wa shule.

Na siku aliyoweza kuketi, Mwape aliingia wadini na munkoyo. Chishimba alikuwa ameibeba mpaka mulangoni, akabaki nje, ameupa mulango mugongo. Katika haraka yake hakupata chungu, alikuwa ameitia katika ndoo ya plastiki ya nyumbani. Harufu ya chisense iliingia wadini kabla ya Mwape. Bana Mwape akapokea kikombe, akainusa, akaniangalia mimi. Nikaangalia dirisha.

Akainywa yote, mpaka tone la mwisho, macho amefumba. Halafu akakigeuza kikombe juu chini ili kionekane kitupu, akamupa binti yake.

"Peleka," akasema. "Na umwambie mume wako ilikuwa tamu."